Mama Depo Hakutaka Simenti

Kwa miaka mingi nimekana jambo moja mbele ya wanafunzi, mbele ya wageni wa semina, na mara moja mbele ya mchungaji aliyeniuliza bila nia mbaya. Leo nakubali: napenda simenti. Naipenda ikiwa mbichi, inanuka kama mvua ya kwanza. Naipenda zaidi ikishakauka, imepigwa mwiko mpaka inang'aa, baridi chini ya nyayo wakati wa jua kali. Mtu akiniambia nyumba yake ni ya «durable», kama tunavyosema hapa Bunia kuhusu nyumba ya tofali na simenti, moyo wangu unamwonea wivu hata kama mdomo unamhubiria.

Na mdomo wangu umehubiri sana. Nimesoma chuo kikuu, nafundisha, naandika, na jambo nililoliandikia kwa bidii kuliko yote ni hili la kujenga kwa vitu vilivyokwisha kutumika: kwamba jengo likivunjwa lisiwe takataka bali ghala, na mlango wa leo uwe mlango wa kesho mahali pengine. Nilikuwa hata na picha za kuonyesha ukutani, zenye mishale inayozunguka na kurudi ilikotoka. Nilizichora nyumbani, miguu ikiwa imepumzika juu ya sakafu ya simenti.

Aliyenigundua ni jirani yangu wa mtaa wa Mbunya, mwenye depo ya vifaa vya zamani vya ujenzi. Wote tulimwita Mama Depo. Binti yake ndiye anayeendesha depo tangu tulipomzika, lakini hakuna anayempa jina hilo, na yeye mwenyewe halitaki.

Ukiingia mle ulikutana kwanza na milango, imesimama ikiegemeana kama watu wanaongoja kuingia ibadani. Nyuma yake madirisha yenye nondo, halafu mbao, halafu mabati, ambayo huku tunayaita manjanja, yamepangwa kwa urefu. Bawaba zililala ndani ya ndoo ya oili chafu ya gari. Yeye alikaa katikati, kwenye kiti kilichong'olewa ndani ya basi, miguu imenyooshwa, mfuko wa aproni umejaa buloni, yaani bolti. Alikuwa ametoka upande wa Butembo, kama wafanyabiashara wengi wa mtaa wetu, na alikuwa na kiburi cha watu wanaojua kwamba walianza na kitu kidogo.

Alikuwa na tabia iliyotuaibisha. Akiingia kwa mtu, alisalimia nyumba kabla ya mwenye nyumba. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akainua macho kwenye dari, ndipo akakumbuka kwamba kuna watu. Alifanya hivyo hata matangani. Siku moja nilimwona amemkumbatia mjane, analia kwa kweli, machozi yanatiririka, huku macho yake yanafuata mbao za paa toka ukuta mpaka ukuta. Nilimsema tulipotoka. Hakuona kosa.

«Minalia na mutu,» alisema. «Macho iko na kazi yake.»

Mlango wa choo changu aliniuzia yeye. Ulitoka kwenye ofisi ya zamani, na bado umeandikwa kwa Kifaransa kwamba ubishe hodi kabla ya kuingia. Nimeusugua kwa msasa, nimeupaka rangi, na kila majira ya mvua maandishi yanarudi. Isitoshe haufungiki vizuri. Nilipolalamika alikuja, akaugonga mlango, akaugonga ukuta, akatangaza kwamba mlango ni mzima na ukuta wangu ndio mgonjwa. Miaka yote hakubadili kauli. Wageni wangu wamejifunza kuimba wakiwa ndani.

Lakini huyu aliyeuza kila kitu cha zamani hakuvaa kitu cha zamani. Nguo za mitumba hakuzigusa. Kila sikukuu alitoka na kitenge kipya kinachonuka duka, kichwani kilemba cha kitambaa hichohicho, na ukimkumbusha biashara yake alikujibu bila haya: «Mwili yangu si depo.» Nami nilikuwa nasimama pale na blauzi ya mitumba, mtaalamu wa matumizi ya pili.

Nilimwalika mara moja kwenye semina. Tulikuwa kwenye ukumbi wa hoteli, na wageni waliotoka mbali walitaka kusikia «sauti ya uwanjani». Nilimsihi azungumze kidogo tu. Alipopewa nafasi alisimama, akatazama madirisha ya ukumbi kwa muda mrefu, akamuuliza mwenye hoteli, aliyekuwa ameketi nyuma, kama siku akichoka nayo atamkumbuka yeye kwanza. Akaketi. Mfasiri hakujua afanye nini. Mimi nilipiga makofi ili jambo liishe, na wageni wakaandika.

Watu walisema maneno mabaya pia kuhusu biashara yake, na sitajifanya sikuyasikia. Katika mkoa ambako vijiji vinakimbiwa kwa sababu ya vita, mabati huja mjini kwa njia mbili. Mengine yanaletwa na mwenyewe, aliyeyang'oa kwa mikono yake kabla ya kuondoka. Mengine yanaletwa na yule aliyekuja baada yake. Mama Depo alikataa ya namna ya pili, na alikuwa na njia ya kuyatambua. Mwenye nyumba akitoa msumari huweka kipande cha ubao chini ya nyundo ili bati lisiumie, kwa sababu anajua atalala tena chini yake. Tundu linabaki dogo, la mviringo. Mwizi anavuta tu, na tundu linapasuka. Mama Depo alipitisha kidole gumba juu ya matundu, moja baada ya jingine, na yakimkwaruza, alimwambia muuzaji apeleke mbele. Mmoja alimuuliza kwa ukali kama amekuwa polisi. Alisema hapana, yeye ni mtu wa kuogopa tu kulala chini ya kilio cha watu.

Na alikosea. Aliwahi kumfukuza mama mmoja, mkulima aliyekimbia kutoka vilima vya Djugu, kwa sababu mabati yake yalikuwa yamepasuka matundu yote. Baadaye tukajua kwamba yule mama aliyang'oa mwenyewe risasi zikisikika, na hakuwa na nafasi ya kutafuta kipande cha ubao. Mama Depo alifunga depo akamtafuta. Alimkuta kwenye kijiji cha Marabo, bado anayo, akayanunua yote pamoja na yasiyofaa. Hakuyauza kamwe. Yalikaa kwenye kona, na mtu akiyaulizia bei alijifanya hakusikia.

Nadhani ni yule mama aliyemfungulia njia ya shule.

Niseme kwanza kitu ambacho mgeni wa mji wetu hukiona na kusimama. Mtu asiye na kiwanja hapa hukodi au huomba kiwanja cha mwingine, anajenga nyumba ya mbao, na siku mwenye kiwanja anapokihitaji, mwenye nyumba anaivunja nyumba yake vipande vipande na kuondoka nayo. Unakutana nayo barabarani: ukuta wa mbele unatembea juu ya vichwa vya wanaume, dirisha bado limo, na mama anafuata nyuma na masufuria yake, uso umetulia, kama anayehamisha mbuzi. Hatushangai. Lakini kila safari nyumba inafika imepungua, maana misumari inapasua mbao, na safari ya tatu ukuta unakuwa kuni.

Mama Depo aliitazama hasara hiyo miaka mingi kutoka kwenye kiti chake cha basi, akaanza kujenga kwa namna nyingine. Msumari aliuchukia kama mtu; alisema unaingia na hasira na unatoka na hasira. Yeye alifunga kwa buloni, zimepakwa oili, ambazo mtu mwenye spana moja anaweza kuzifungua. Nguzo hakuzizika ardhini. Alizisimamisha juu ya mawe makubwa, na kipande cha chuma kikazishika. Palipohitaji tofali, alijengea kwa udongo, kwa sababu tofali lililoshikwa na udongo linaoshwa na kutumika tena, bali lililoshikwa na simenti linavunjika kabla ya kuachia. Kwenye kila kipande alikata alama kwa panga, ili kijulikane kinakaa karibu na nani. Chaki hakuiamini.

Kwa hiyo familia za Djugu zilizokuwa zimekimbilia pembeni ya mji, kwenye ardhi ya kanisa, zilipotaka shule ya watoto wao, yule mama wa mabati aliwaleta depo. Ardhi ilikuwa ya kuazima. Mimi nilikuwa katibu wa kamati, kwa sababu katika kamati yoyote aliyesoma chuo kikuu hupewa kalamu ili asiguse nyundo. Nilipendekeza simenti. Sikusema kwamba naipenda. Nilisema ni suala la heshima. Nilimwambia Mama Depo kwamba watu hawa wamechoka kuwa wageni, na shule ya simenti ingewaambia kwamba wamefika.

«Banafika wapi, Madame? Hapa?»

Aliponiita Madame nilijua amekasirika. Akiwa na furaha nilikuwa mutoto yangu.

«Hata kama ni hapa,» nilisema. «Mtu anahitaji kukanyaga kitu kisichotikisika.»

«Weye ndio unahitaji,» alisema. «Bo banahitaji kurudia kwabo.»

Shule ikajengwa kwa njia yake. Mbao za paa zilitoka kwenye ghala la kahawa lililokuwa linaanguka upande wa Marabo, milango na madirisha depo, na yale mabati ya kwenye kona, yaliyopasuka, aliyaziba tundu moja moja kwa lami na vipande vya ndara za mpira, akayaweka juu ya darasa la watoto wadogo. Siku ya kuinua nguzo ya kwanza akina mama walikaa chini kwenye nyasi, na yeye akasimama mbele yao na kitenge kipya.

«Siku mutarudia kwenu,» aliwaambia, «shule nayo itarudia. Kama itakatala kutoka, mukuye kwangu muniulize.»

Nililiandika kwenye ripoti kwa maneno mazuri zaidi na sikuliamini. Vilima vya kwao vilikuwa bado vinawaka kwa vita. Sikuamini kwamba kuna mtu atarudi, na niliona kwamba tumewanyima sakafu nzuri kwa ajili ya safari ambayo haipo. Yeye alikuwa ametoa neno lake mbele ya akina mama, na tangu siku hiyo alilibeba kama mtu aliyebeba chungu kichwani: hakulitaja, lakini alitembea kwa uangalifu.

Kisha dada wa Mama Depo akafa, naye akasafiri kwenda Butembo kwa mazishi, na barabara ikamchelewesha huko. Wazazi wa shule walitaka kumshukuru akirudi. Mwenyekiti wao, mkulima mwenye mashavu ya huzuni tuliyemwita Papa Prezida, aliuliza watu wake ni zawadi gani inayomfaa mama huyu. Katika nchi yetu hakuna sifa kubwa kwa jengo kuliko kuitwa durable. Basi wakachangishana. Simenti ilitoka Uganda ikapitia bandari ya Mahagi-Port. Mchanga waliubeba vichwani kutoka mtoni. Wakamwaga sakafu nzima, na kwa upendo wakaijaza miguu ya nguzo zote, mawe, vyuma na buloni, wakaifunika kwa simenti nzito mpaka magotini. Juu ya sakafu, ikiwa bado mbichi, wakaandika kwa kidole: AKSANTI MAMA DEPO.

Nilialikwa. Nilikula wali na maharage. Nilivua viatu.

Aliporudi walimpeleka kumwonyesha, wakimwimbia. Nilikuwa namtazama usoni. Aligonga nguzo kwa kifundo cha kidole, kama kawaida yake, akasikiliza. Akageuka, akawashika mikono mmoja mmoja, akacheza nao, akanywa chai waliyomwandalia na kuomba sukari zaidi. Hakuna mzazi aliyejua kwamba ameumia. Ni tulipofika kwake, baada ya kuvua kilemba, ndipo aliposema.

«Mulishaizika. Iko muzima, na mulishaizika.»

Nilianza kusema kwamba walifanya kwa wema. Alisema anajua, ndiyo sababu alicheza. Halafu akanitazama miguu.

«Banasema ulitosha viatu uikanyage, Madame.»

Tangu siku hiyo simenti ikawa ugomvi wetu wa kudumu, wa namna ya watu wanaopendana: hauishi na hauvunji kitu. Mimi nilisema simenti ni matumaini, mtu anayeimwaga anasema nitakuwepo. Yeye alisema ni uongo unaokauka haraka. Nilimtuhumu kwamba hataki watu watulie popote kwa sababu yeye mwenyewe alihama. Alinituhumu kwamba nimesoma vitabu vingi ili nisikubali napenda sakafu. Tulikuwa sote tunasema kweli.

Na vilima vikatulia, jambo nililoamini kwamba halitatokea. Familia chache zilikwenda kwanza, zikalima, zikarudi kuchukua wengine. Papa Prezida akaja depo, kofia mkononi, akasimama kati ya milango. Hakuleta lawama. Alisema tu kwamba wanakwenda, na kwamba huko hakuna hata ubao mmoja wa shule uliobaki, na kwamba akina mama wanakumbuka alichowaambia.

Miguu ya Mama Depo ilikuwa imeshaanza kuvimba wakati huo. Walimbeba na kiti chake cha basi mpaka shuleni. Ukuta ulifunguka kama alivyosema, buloni zikitoka laini, mabati yakishuka bila kupasuka. Watu wakaanza kucheka kwa furaha. Kisha wakafika kwenye nguzo. Walipiga simenti kwa nyundo na tindo mchana wote, na kila walipopiga, nguzo ndiyo iliyopasuka. Papa Prezida alikaa chini, akaishika ile simenti ya shukrani kwa mikono miwili, na nadhani ndipo alipoelewa kile ambacho Mama Depo hakumwambia kamwe.

«Mukate,» Mama Depo alisema. «Juu ya simenti. Mukate.»

Aligeuza uso msumeno ulipoanza. Kila nguzo iliacha mguu wake pale, urefu wa mkono mpaka kiwiko, pamoja na matundu ya chini aliyoyapima yeye mwenyewe. Shule iliyopanda lori ilikuwa fupi kuliko iliyosimama asubuhi, na hakuna aliyejua kama itakubali kufungwa tena. Ile sakafu bado ipo pembeni ya mji, na visiki vyake, na jina lake. Watoto wa jirani wanachezea hapo.

Baada ya hapo kukawa kimya. Kule juu simu hazipati mtandao, na waliokuwa wanashuka sokoni walileta habari za mihogo, si za shule. Mmoja alisema mbao zimelala kwenye nyasi. Mwingine alisema nguzo mbili zimeanguka. Mama Depo hakutoka tena kitandani, lakini kila nilipoingia aliuliza jambo hilo kabla ya salamu. Hakuuliza kama imesimama. Aliuliza kama kuna mama yeyote aliyekuja kumuuliza, kama alivyowaambia.

Nilimkuta alasiri moja ya mvua, amevaa kitenge kipya ndani ya shuka, anagonga ukuta wa kando ya kitanda polepole bila kusikiliza. Nilitaka kumwambia hatimaye kwamba alisema kweli kuhusu mimi na sakafu yangu. Nilikuwa hata nimetayarisha sentensi. Simu yangu ikalia.

Alikuwa Papa Prezida. Alisema amepanda juu ya kilima kutafuta mtandao na hana muda mrefu, kisha akatusalimia kwa muda mrefu, mimi, mume wangu, watoto, wanafunzi. Niliweka simu kwenye mto ili Mama asikie. Alisema manjanja ya mwisho yamefungwa jana. Shule ni fupi. Mwalimu anainama mlangoni, watoto hawainami. Mama Depo alifumba macho, na mkono ukaacha kugonga.

Lakini kuna swali, Papa Prezida alisema. Watoto wa ng'ambo ya mto wameanza kuja. Tulijua anamaanisha watu gani: wale wa upande wa pili wa vita. Kwa miaka yote ile walikuwa hawasalimiani. Baba zao wametuma mchanga, mwingi, wameumwaga mbele ya shule bila kuombwa, na simenti kidogo. Wazazi wamekaa wakazungumza, na hakuna aliyetaka kuamua bila Mama.

«Mama, tuweke simenti? Ao tubaache na muchanga yabo?»

Nilimtazama. Mvua ilikuwa inapiga juu ya paa lake. Papa Prezida akauliza kama mtandao umekatika.

«Haiyakatika,» Mama Depo alisema. Alijivuta karibu na simu. «Mumwange sakafu. Bo na nyie, pamoja, siku moja. Batoto bakanyage muzuri.»

«Na nguzo, Mama?»

«Nguzo,» alisema, «muache juu ya mawe.»